Ea Klina Juu ya Kichanja

Mwaka wa themanini na tisa, nikiwa na miaka ishirini na mitano, ndipo shida iliponikamata kweli. Kabla ya hapo nilidhani naijua, kumbe nilikuwa nasikia jina tu. Mume wangu, Danieli, alikufa kwa homa mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, kule Kifanya, Njombe, akaniacha na binti yetu Eda, ambaye alikuwa hajaanza hata kusema vizuri, na pikapu moja ya Kijapani. Watu wakisikia hivyo wanasema, aa, kumbe uliachiwa mali. Mali gani? Gari la marehemu halikuwa la mkewe, lilikuwa la ukoo. Mimi ni Mpangwa wa Lugarawa niliyeolewa na Wabena, na kwa hesabu zao kazi yangu ilikuwa imekwisha siku ile ile tulipomfukia mwenzangu. Nilitakiwa nirudishwe kwetu kama debe lililoazimwa, na Eda abaki. Hicho ndicho kilichokuwa kinaniogopesha, na sitaki mtu asome huku anajiuliza nilikuwa naogopa nini. Sikuwa naogopa njaa. Nilikuwa naogopa kuondoka bila mtoto.

Naandika haya kwa sababu mwezi uliopita tumemzika Lazaro, mdogo wake Danieli, shemeji yangu. Baada ya siku chache msibani nilirudi Makambako jioni nikiwa nimechoka, na gari nalo lilikuwa limechoka, linavuta kwa shida kwenye vilima, maana barabara ya kwenda makaburini ilikuwa vumbi tupu. Kesho yake asubuhi nikanunua ea klina mpya dukani, lile chungio la hewa ya injini, nikaja kuibadilisha mwenyewe hapa uani kwangu Lyamkena, nikiwa bado na kitenge cha msibani. Eda sasa ni mwalimu, mtu mzima, ana watoto wake, na alikuwa amekuja kunipa pole. Akasimama mlangoni na kikombe cha chai. "Mama, gereji iko hapo hatua mbili. Na umri huo unaingiza kichwa kwenye boneti?" Nikamwambia, "Kichwa ni changu, boneti ni yangu." Akacheka, akasema, "Haya, fundi." Mimi sikucheka. Nilifungua vile vibanio vya kava, nikalinyanyua, nikaitoa ile ya zamani. Ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi na sindano za misonobari katikati ya mikunjo ya karatasi. Nikafuta ndani ya boksi lake kwa kitambaa kibichi, taratibu, uchafu usidondokee kwenye bomba la injini. Nikaweka mpya, nikahakikisha ule mpira wa pembeni umekaa sawasawa, nikafunga. Kazi ya muda mfupi kuliko kumenya viazi vya mchana. Halafu nikabaki nimeishika ile chafu mkononi, na kabla sijajua nafanya nini nikaipeleka puani. Eda akauliza, "Mama, unanusa nini?" Nikasema sinusi kitu. Kweli haikuwa na harufu, ni vumbi tu. Nikakaa kwenye ngazi, chai yangu ikapoa, nikawa nawaza mambo ambayo nilidhani nilishayamaliza.

Chumba nilichowekwa mwaka ule kilikuwa kimetengwa na jiko kwa ukuta wa mbao zilizokatwa vibaya, kiasi kwamba moshi ulipita, mwanga ulipita, na maneno yalipita yote. Mjane hakutakiwa kuzurura. Nilikaa kwenye mkeka, blanketi mabegani, Eda mapajani, nikiletewa viazi vya kuchemsha na njegere, chai ya rangi, na jioni ugali na maharage ambayo sikuwa nayaona ladha. Nje ukungu ulikuwa hauondoki mpaka saa sita. Mtu asiyekaa Njombe hawezi kuelewa: mwezi wa tatu na wa nne nguo ukifua haikauki, unaianika Jumatatu, Alhamisi bado inanuka maji. Kwa hiyo kila kitu kilikaushwa juu ya moto. Juu ya mafiga ya mama mkwe kulikuwa na kichanja cha mianzi, cheusi kwa masizi ya miaka mingi, na pale palipanda kila kitu cha nyumba ile: mahindi ya mbegu, kuni za kesho, nepi za Eda, viatu vya kanisani, hata kitabu cha nyimbo kilicholoa siku ya mazishi. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anapanga. Hakuna kijiko kilichopanda kile kichanja bila yeye kujua. Nyumba nzima ilinuka moshi, sisi wenyewe tulinuka moshi, mpaka ukaacha kuusikia.

Siku moja niliinuka nikaenda jikoni kuomba maji ya moto, nikamkuta peke yake anachochea. Nikaamua kumuuliza wazi, maana mimi sijui kuzunguka. "Mama, wazee wamesemaje?" Akasema, "Wamesema siku ya kumaliza matanga atakuja mnunuzi wa gari kutoka Makambako." "Na mimi?" "Wewe utapumzika kwenu, mwanangu. Umeteseka." "Na Eda?" Akageuza ukuni ambao ulikuwa hauhitaji kugeuzwa. "Mtoto ana kwao," akasema. Hakunitazama. Alikuwa mwanamke mwema, alinipenda, na alisema maneno yale kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu funga mlango, baridi inaingia. Sikuelewa mtu anawezaje kukupenda na kukukata siku moja. Mpaka leo sijaelewa vizuri.

Sasa Lazaro. Lazaro alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la miti, mtu mrefu, mcheshi, mpenda ulanzi, ile pombe ya mianzi, na msimu wa mianzi ukifika alikuwa hapatikani baada ya saa tisa. Danieli alipokufa, yeye ndiye aliyeshika funguo za pikapu. Kila asubuhi alilipiga selfu, akaliungurumisha kidogo, akalizima. Wanaume wakisimama kulitazama anajisifu, "Mimi nimekaa na trekta miaka mingi, hiki kipikapu ni mtoto." Nami mkekani nilikuwa nasikiliza ule mlio kama mtu anayesikiliza mgonjwa anavyopumua, maana nilikuwa nalijua lile gari kuliko walivyodhani. Danieli alikuwa amenifundisha kuliendesha kwenye njia za ndani ya misitu, tukienda kupakia mbao, mahali ambapo hakuna mtu wa kusema mke wa fulani ana wazimu. Hakuna aliyejua. Kama ningeachiwa gari lile, ningeweza kubeba viazi mpaka Makambako na kurudi, ningemlisha mtoto wangu, na hakuna ambaye angepata cha kusema. Bila gari, nilikuwa mikono miwili tu, na mikono walikuwa nayo ya kutosha.

Jioni moja, kama wiki kabla ya kikao cha kumaliza matanga, mvua ilikuwa imekata na mimi nilikuwa namlaza Eda. Nikasikia Lazaro ameingia jikoni, amekaa kwenye kigoda cha karibu na ukuta wangu. Alikuwa amekunywa, lakini si sana. Mama mkwe akamuuliza, "Hilo unaloniletea ni nini? Linanichafulia." Lazaro akasema, "Ni la gari. Nimeliosha. Nataka likauke." "Likaushe nje." "Nje kwa jua gani, mama?" Wakacheka wote. Halafu mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Na huyo mtu wa Makambako akija?" Lazaro akajibu, nakumbuka vizuri kama ameninong'oneza mimi, "Aje. Lisimame kwanza. Likisimama watanyamaza wote." Mama mkwe akasema, "We Lazaro." Basi. Hakusema zaidi ya hapo. Nililisikia lile "We Lazaro" na nimeligeuza kichwani miaka yote hii. Kuna siku nalisikia kama mama anayemkanya mwanawe. Kuna siku nalisikia kama mama anayemsifu. Na asubuhi yake nilipopita mlango wa jiko nikaona juu ya kichanja, katikati ya magunzi na nepi za mwanangu, kitu cha mviringo kama chungio, cheusi, kinadondosha oili tone tone kwenye majivu. Nikadhani ni kifaa cha trekta. Nilikuwa mtu wa msiba, sikuwa na akili ya kuuliza.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa na jua, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wazee walikaa kwenye mbao zilizowekwa juu ya mawe, Baba mkubwa Zakaria katikati, yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo. Wanawake tulikaa chini upande wa jikoni. Mnunuzi akaja na lori lake, Mzee Hamadi, Mwislamu, msafirishaji maarufu pale Makambako, kanzu safi, kofia safi, na viatu ambavyo alikuwa anavionea huruma kwenye tope letu. "Kamwene, wazee, kamwene," akasalimia kwa Kibena, wazee wakafurahi. Alitoa pole vizuri, akakataa ulanzi kwa adabu, akakubali chai. Halafu akasema, "Haya, mwali yuko wapi? Tumwone anavyotembea." Lazaro akaingia kwenye gari. Liliwaka. Nikajua linauzwa. Akaliingiza gia, likaanza kupanda ule mlima mdogo wa kutoka nyumbani kwenda barabarani, na hapo nikaona moshi mweusi, mzito, kama wa tanuri la matofali. Likakohoa. Likarukaruka kama mbuzi aliyefungwa mguu. Likafa katikati ya mlima, likarudi nyuma taratibu mpaka likaegemea mti wa mparachichi.

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia msibani. Wanawake wengine walipiga yowe, wakasema Danieli amekataa, amelishika gari lake. Mzee mmoja akavua kofia. Mzee Hamadi aliinama akatazama ule moshi ukiisha, akasema, "Wazee wangu, mimi nilikuja kununua gari, hamkuniambia ni jiko la mkaa." Watu wakacheka, hata waliokuwa wanalia. Lazaro akapiga selfu tena na tena, jasho linamtoka, na mimi nilimtazama sana usoni kwa sababu ya yale maneno niliyoyasikia. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshtuka. Au wa mtu anayeigiza kushtuka. Nilikuwa karibu naye kama mlango na dirisha, lakini sikuweza kujua. Mzee Hamadi akanywa chai yake mpaka chini, akaaga, akapanda lori lake. Baba mkubwa Zakaria alikasirika, akataka kumaliza aibu haraka. Akasema mbele ya wote, "Ndugu zangu, chuma kimekufa na mwenyewe. Nani anataka?" Mmoja akasema, "Mwachie mjane, akafugie kuku humo." Wakacheka tena. Nikasimama. Mjane hasimami kwenye kikao, lakini nilisimama. Nikasema, "Nimepokea. Wote mmesikia, nimepokea." Baba mkubwa akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Chukua, chukua." Na hivyo ndivyo nilivyopewa gari, na funguo zake.

Siku ya pili Lazaro akaja dirishani kwangu. "Shemeji, hicho chuma kitakusumbua. Nipe mimi nikifanye skrepa, nami nitakupa ndama." Nikamwambia, "Skrepa ni yangu." "Utalifanyia nini?" "Nitafugia kuku, si wamesema?" Akanitazama, akatabasamu, akaondoka akipiga mluzi. Hebu niambie wewe unayesoma, mtu anayetaka nibaki na gari langu anakuja kuniomba gari langu? Au alikuwa ananipima? Au alikuwa anataka wamwone anaomba, wasimshuku? Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, hesabu za watu za namna hii sikufundishwa.

Wiki ile nikalifungua boneti. Sikuwa fundi, nilikuwa nimemtazama tu Danieli. Kila kiangazi alikuwa anafungua lile boksi la mviringo, anatoa ea klina, anaigongagonga kwenye tairi mpaka vumbi linatoka, anaipuliza kwa mdomo kutoka ndani, anairudisha. Sikutafuta ugonjwa, nilitaka tu kufanya kitu alichokuwa anakifanya. Nikafungua. Harufu iliyonipiga usoni ilikuwa ya jikoni kwetu. Nasema kweli: ndani ya injini ya gari nikasikia harufu ya moshi, ya masizi, ya mahindi yaliyokauka, ya nepi za Eda. Nilirudi nyuma, nikageuka kutazama kama kuna mtu ametoka jikoni nyuma yangu. Hakuna. Nikaitoa ile ea klina kwa vidole viwili. Karatasi yake ilikuwa imelowa oili nyeusi, imegandamana, imefunikwa na masizi juu yake, ngumu kama ngozi. Gari lilikuwa linataka hewa na limezibwa pua. Nikaiweka chini kwenye majani, nikafunga boksi tupu, nikaingia, nikapiga selfu. Likawaka. Nikalikanyaga. Likalia kwa sauti yake, ile niliyoijua, nikapanda nalo mlima mpaka barabarani kitenge kikiwa kimenifunguka kichwani.

Niliporudi Lazaro alikuwa amesimama penye uzio, mikono mfukoni. Alitazama ile ea klina pale kwenye majani. "Umeitoa?" akauliza. "Nimeitoa." "Basi," akasema, akaenda zake. Sasa mtu aelewe hivi: kwenye trekta zao za wakati ule ea klina haikuwa ya karatasi. Ilikuwa bakuli la oili na wavu wa chuma, unaosha kwa mafuta ya taa, unamimina oili, unarudisha. Kila mtu Kifanya aliyejua gari alijua hivyo. Inawezekana kabisa Lazaro aliosha karatasi kama anavyoosha chuma, akaipaka oili kama alivyozoea, akaikausha pale panapokaushwa kila kitu, akijua anamfanyia marehemu kaka yake jambo zuri. Inawezekana. Lakini lile "likisimama watanyamaza" nitaliweka wapi? Na mama mkwe je, aliyeipa ea klina nafasi kwenye kichanja chake? Nilipowasha gari asubuhi ya kwanza kwenda Makambako na viazi, gunia sita za jirani, yeye alitoka jikoni, akamchukua Eda, akapanda kiti cha mbele bila kukaribishwa. Akasema, "Twende." Njiani nikamuuliza, "Mama, ile ea klina nani aliiweka juu ya moto?" Akasema, "Tazama barabara." Tulipita Njombe mjini, watu wakageuka kutazama mwanamke anaendesha na kikongwe pembeni amekaa kama mkuu wa wilaya. Nilipofika Makambako Mzee Hamadi alikuwa mlangoni mwa duka lake. Alilitambua gari. Akashika kiuno. "Bibi wee! Si lilikufa?" Nikamwambia, "Limefufuka." Akacheka mpaka akakaa. Baadaye ndiye aliyenipa mizigo ya kwanza ya kulipwa vizuri, na hakuniuliza tena. Ukoo nao haukusema tena habari ya kunirudisha kwetu, wala ya Eda kubaki. Hawakubadilisha uamuzi, waliacha tu kuutaja, kama mtu anayeacha kutaja jina la mgeni aliyeondoka. Mwisho wa mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Lyamkena, mimi na mwanangu, na mama mkwe alikuwa anakuja na kukaa mpaka achoke.

Sikumuuliza Lazaro. Watu wananishangaa, mimi ninayeuliza kila kitu. Nilimwona kila Krismasi, kila harusi, alizeeka mbele ya macho yangu, tulikula meza moja, na kila mara neno lilifika mdomoni likarudi. Nadhani niliogopa atajibu. Kama angesema, "Nilikuwa nataka kukunyang'anya," ningepaswa kumchukia mtu aliyekuwa ananipakilia viazi bila kuombwa. Kama angesema, "Nilikuwa nakusaidia," ningepaswa kumshukuru, na mimi sipendi kuwa na shukrani nisiyokuwa na uhakika nayo. Mama mkwe alitangulia, akaondoka na lake.

Basi mwezi uliopita, baada ya kumzika, wageni wamepungua, nilikaa jikoni na mkewe, Mama Upendo, tunamenya viazi vya usiku. Nikaona ni sasa au basi. "Mdogo wangu, marehemu aliwahi kukusimulia habari ya ile pikapu ya kaka yake?" Akaacha kisu. "Dada! Kila tukikaa watu wengi. Hiyo ilikuwa hadithi yake." Nikauliza, "Alikuwa anasemaje?" "Inategemea. Akiwa na wazee anasema alikuwa anaosha tu, alidhani ni kama ya trekta, akawa anajicheka mpaka machozi. Akiwa na vijana anasema aliliua makusudi, wazee wasimdhulumu shemeji yake." Akachukua kiazi kingine. "Na akigombana na mimi anasema ingekuwa gari lake lile, na ndama alishatenga, wewe ulimshinda ujanja." Nikamuuliza, "Wewe uliamini ipi?" Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto. "Mimi? Niliamini amekunywa." Tukacheka, wajane wawili, mpaka watu wa sebuleni wakachungulia kuona kuna nini. Halafu akafuta macho kwa kiganja, akasema, "Lakini hadithi ilikuwa inaisha namna moja siku zote. Anasema, na yule mwanamke akapanda mlima." Nilikaa nimeshika kiazi kilichomenywa nusu. Nilikwenda na swali moja, nikarudi Makambako na matatu.

Mtoto wangu hakuachwa kwa mtu. Hilo halinichanganyi, na siku ile kwenye ngazi, ea klina chafu mkononi, Eda ananiita chai imepoa, ndilo nililolishika.

Vitu nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma Lyamkena, ya vyumba sita, na vyumba vya kupangisha nyuma yake. Shamba la misonobari Kifanya, nililolinunua kutoka kwa ukoo ule ule, na shamba la parachichi karibu yake. Ghala la viazi hapa mjini. Fuso moja lenye dereva, na gari dogo ninaloendesha mwenyewe. Ng'ombe wa maziwa wawili. Simu, ambayo Eda ameniwekea picha yake. Hati zote zina jina langu mimi, na nilizitia sahihi kwa mkono wangu. Ile pikapu iko pembeni ya ghala, haina matairi. Kuku wanalala humo.